Mzima Namba 31

Jumatatu, Machi 3

Mvua imeanza leo asubuhi na mimi nimeanza leo asubuhi, na sote wawili tumeingia idarani kwa fujo. Idara ya ubongo iko ghorofa ya tatu na ya nne. Lifti ina karatasi iliyoandikwa "mbovu" kwa wino ambao nao umeshafifia.

Wanafunzi wapya wa uzamivu tuko watano. Mkuu wa programu, mama mfupi mwenye sauti ya kuongoza kwaya, ametupitisha mlango kwa mlango. Maabara kumi na moja. Huku wanachunguza usingizi wa inzi, kule jinsi panya anavyokumbuka njia, pale jinsi watoto wanavyojifunza maneno. Kuna mtu anayetaka kujua kwa nini mkono uliokwisha kukatwa bado unawasha. Kuna mwingine ambaye kwa miaka tisa amefuata seli za aina moja tu, na alitutolea picha yake kama mtu anayeonyesha picha ya mchumba.

Utaratibu ni kwamba kila mmoja atapita maabara tatu muhula huu, kisha achague moja, nayo imkubali. Asiyekubaliwa popote anarudi kwao. Mkuu alilisema hilo huku akitabasamu.

Nimepangiwa inzi, kisha vipande vya ubongo wa panya, kisha vidole. Niliposikia "vidole" nilimwomba mkuu arudie. Profesa wa vidole anachunguza magonjwa ya mwendo, na mmojawapo ni ugonjwa wa mama.

Sijamwambia mtu hapa. Wakijua watakuwa wananitazama mikono.

Jumatano, Machi 5

Kuhesabu inzi. Macho yananiuma.

Ijumaa, Machi 7

Mwalimu wa maabara hii tunamwita Bibi Inzi, naye anajua na haimsumbui. Leo alinionyesha mirija miwili ya kioo yenye inzi. Akaigonga mezani, inzi wote wakaanguka chini. Wa mrija wa kwanza wakapanda juu mara moja, kama watu waliochelewa kazini. Wa mrija wa pili wakapanda nusu, wakateleza, wakapanda tena, miguu ikirukaruka bila mpango.

"Hawa tumewawekea kosa moja la urithi linalowapata binadamu," akasema. Akataja jina la ugonjwa. Akalitaja kwa wepesi, kama mtu anayetaja jina la mtaa.

Nilimwomba ruhusa niende msalani. Nilinawa uso, nikarudi kuhesabu.

Sijawahi kuliandika hili, basi niliandike. Mama alikuwa mpiga chapa wa mahakama, maneno sabini kwa dakika bila kutazama vidole. Nilipokuwa na miaka kumi na tano kazi zake zilianza kurudishwa kwa makosa. Mwaka uliofuata majirani wakasema anakunywa. Kisha mikono ikaanza kucheza yenyewe, halafu mabega, halafu uso. Daktari alitukalisha mimi na mdogo wangu akatueleza kwamba kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Kipimo cha damu kipo. Mimi nilisema nitapima baadaye. Mdogo wangu alisema, "Mimi kamwe," akatoka kwenda kununua soda.

Baadaye yangu sasa ina miaka saba.

Jumanne, Machi 11

Mvua. Nimejipima chooni, kidole cha shahada juu ya gumba, haraka, mara ishirini. Sawa.

Jumapili, Machi 16

Nyumbani. Mama mdogo, ambaye ndiye anayeishi na mama, alikuwa na mafua, kwa hiyo zamu ya kumlisha ilikuwa ya Bisi. Bisi ni mdogo wangu. Anatengeneza simu, na tangu utotoni hajawahi kuonekana bila bisibisi, ndiyo maana hata mkewe anamwita hivyo.

Anamlisha mama vizuri kuliko mimi. Mimi nahangaika na kijiko, namfuata mdomo unakokwenda. Yeye anasubiri tu, anapiga soga, na mdomo wa mama unakuja wenyewe.

"Dada siku hizi ni daktari wa inzi," akamwambia mama. "Tukiwa na mgonjwa mwenye mabawa tutamwita."

Mama alicheka. Kicheko chake sasa huchukua muda kufika, lakini hufika.

Jumatatu, Machi 31

Maabara ya pili. Fundi wake ni mrefu, mwembamba na hapindi, wanamwita Msumari. Anakata ubongo wa panya vipande vyembamba kuliko karatasi, anavitunza ndani ya maji yenye chumvi na hewa, na kwa saa sita vinaendelea kuishi. Sindano ya kioo ikigusa seli, spika inatoa mlio kama wa kuni mbichi motoni.

"Hiyo inaongea," Msumari akasema.

"Inasema nini?"

"Ningejua ningekuwa bado fundi?"

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu nije hapa.

Alhamisi, Aprili 10

Mara ishirini. Sawa.

Ijumaa, Aprili 11

Mara ishirini. Ya kumi na saba nadhani ilichelewa. Nimerudia mara ishirini tena. Sawa. Nimerudia tena.

Jumanne, Aprili 22

Nimedondosha sindano ya kioo. Msumari akasema kila mtu hudondosha, yeye mwaka wa kwanza alivunja mia mbili. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nautazama mkono wangu kama mkono wa mtu niliyeketi naye kwenye benchi.

Jumatatu, Aprili 28

Vidole.

Chumba hakina dirisha. Kuna kiti kinachozunguka, meza, kibao cha chuma cha ukubwa wa kiganja, na spika inayopiga mdundo: ti, ti, ti. Anayepimwa anagonga kibao kwa kidole kufuata mdundo. Baada ya dakika tano mdundo unazimwa, naye anaendelea peke yake dakika tano nyingine. Hapo ndipo ubongo unapojianika. Mtu asiye mgonjwa anapotea polepole, ama mbele ama nyuma. Mgonjwa anapotea huku na huku, hata kabla mkono wake haujaanza kuonekana na shida.

Profesa wa vidole ni mzee mpole anayeweka mikono yake mifukoni muda wote. Anasema maabara hii ina sheria mbili. Ya kwanza, mpimaji hajui anampima nani: majina yanafungiwa kwenye kabati la karani, namba zinachanganywa, tunabaki na grafu tupu. Ya pili ni mila yao wenyewe. Hakuna anayempima mtu kabla hajakaa kwenye kiti mwenyewe, na vipimo vyake vinaingia kwenye kundi la wazima, wale wanaolinganishwa na wagonjwa.

"Ukijua kiti kinavyochosha," akasema, "utawaheshimu wanaokikalia."

Karani akanipa fomu. Swali la nne: je, kuna mtu katika familia yako mwenye ugonjwa wa mwendo? Swali la tisa: tukiona jambo lisilo la kawaida, je, ungependa kuambiwa?

Kalamu ilikuwa mkononi, na Jirani alikuwa nyuma yangu akisubiri zamu. Jirani ni mwenzangu wa meza. Anaongea kama mtu aliyekunywa redio, na lolote akiliona saa nne, saa tano liko ghorofa zote mbili.

Swali la nne nikaandika "Hapana." La tisa nikaandika "Ndiyo."

Dakika kumi. Kabla ya kuanza unahesabu kwa sauti moja mpaka tano ili kipaza sauti kijaribiwe. Nikahesabu, nikagonga. Mdundo ulipozimwa nilisikia moyo wangu tu, na nadhani niliufuata huo.

Jumatano, Mei 7

Kundi la wazima la muhula huu linatakiwa liwe watu saba, namba 28 hadi 34. Sita tumepatikana: sisi wapya watano, na mlinzi wa lango. Wa saba aliugua malaria. Profesa akauliza nani ana ndugu mwenye nusu saa. Kila mtu akainamia meza yake, na mimi nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nina mdogo wangu, kibanda chake kiko hapo ng'ambo ya barabara."

Kwa nini nilisema? Nilitaka nionekane mwenye msaada. Mbio za kupendwa, basi.

Alhamisi, Mei 8

Bisi alikuja na harufu ya risasi ya kuchomea na viatu vyenye tope. Jirani alikuwa mlangoni, kwa hiyo nilimnong'oneza, "Swali la nne weka hapana."

Akaisoma fomu. Akaniangalia. "Dada, hii si kweli."

"Wakijua, watanitoa hapa. Tafadhali."

Akaandika. Swali la tisa hakuhitaji kunong'onezwa. Aliweka alama kwenye "Hapana" na kuikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Wakati wa kupima alinichekesha. "Hiki kiti kinazunguka mpaka wapi?" Nikamwambia atulie. Akahesabu moja mpaka tano kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, kisha akagonga. Alikuwa makini sana, ulimi nje kidogo, kama anapounga waya wa simu.

Ijumaa, Mei 16

Mvua tu. Korido ya ghorofa ya nne ina ndoo tatu za kukingia maji, zinadondokewa kwa zamu. Ti, ti, ti. Nimepita kwa ngazi ya nje, ikanilowesha. Afadhali.

Alhamisi, Mei 22

Leo nimepewa grafu saba za wazima nizipe alama, kila moja na namba yake, hazina kingine.

28, sawa. 29, sawa. 30, amechelewa polepole kama mtu mwenye usingizi, sawa.

31.

Nilidhani mashine ilikwama. Dakika tano za kwanza alifuata mdundo vizuri. Mdundo ulipozimwa alikwenda mbele, akarudi nyuma, akaruka, akatulia, akaruka. Nimeziona grafu za namna hiyo wiki tatu mfululizo. Zote zilitoka kwenye kundi la wagonjwa.

Nikampelekea Profesa bila kusema neno. Alitoa mikono mifukoni, jambo ambalo sijawahi kuliona, akaishika karatasi karibu na taa.

"Angekuwa mgonjwa wangu ningemwita kesho," akasema. "Huyu ni mzima?"

"Yuko kwenye wazima."

"Basi kuna kosa mahali. Ama la mashine, ama la fomu."

Nikasema nitaikagua mashine. Nikarudi mezani, nikaweka mikono chini ya mapaja na kuikalia.

Tuko saba. Mmoja ni mimi.

Ijumaa, Mei 23

Mashine ni nzima.

Mara ishirini. Sijui tena "sawa" ni nini.

Jumatatu, Mei 26

Naogopa. Acha niliandike wazi, maana mchana kutwa natembea na uso wa mtu anayefikiri. Naogopa kushika kikombe mbele za watu. Naogopa ngazi. Jana nilijikwaa nikasimama dakika nzima nikijiuliza kama ulikuwa mguu au jiwe.

Na nimegundua jambo baya kuliko woga. Ninamtazama Jirani. Anang'ata kucha, anaangusha kalamu, anamwaga chai, na kila akimwaga chai mimi napata nafuu. Leo alipojikwaa kwenye ndoo ya korido nilisema moyoni, na iwe yeye. Aliinuka akicheka, akaniuliza kama nimekula, maana nimekonda. Akanipa nusu ya mkate wake.

Niliula.

Jumatano, Mei 28

Nimekumbuka. Grafu tunazopewa zimeshasafishwa, lakini faili ghafi zimo kwenye kompyuta, na ndani yake mna sauti ya chumba. Kila mmoja alihesabu moja mpaka tano.

Kuzifungua ni kuvunja sheria ya kwanza. Kutozifungua siwezi.

Alhamisi, Mei 29

Nilisubiri saa ya chakula chumba kikawa kitupu. Nikavaa hedifoni. Nilianza na ya 28, kwa sababu ya 31 sikuithubutu. Sauti ya mlinzi, anahesabu kama anaita majina ya watu.

29. "Moja. Mbili. Tatu." Sauti nyembamba, yenye haraka, ambayo siipendi nikiisikia kwenye simu.

Mimi. Namba 29. Sawa.

Nilicheka peke yangu chumbani. Niliweka kichwa mezani nikacheka mpaka machozi. Najua vizuri haina maana kwamba niko salama, kipimo hiki kinaonyesha aliyekwisha kuanza tu, mimi naweza kuanza mwaka ujao. Sikujali. Nikazima kompyuta bila kufungua nyingine yoyote. Nilitoka nje nikatembea kwenye mvua bila kujifunika, nikamnunulia Jirani mkate mzima.

Jumapili, Juni 1

Nyumbani. Nilikwenda na furaha yangu, nikamkumbatia mama mdogo mpaka akauliza nimepata mchumba.

Wifi alikuwepo, mke wa Bisi. Alikuwa anaficha kicheko tangu nilipoingia. Mwishowe Bisi akasema, "Mwambie, kabla hujapasuka." Ana mimba ya miezi mitatu. Mama alielewa. Mikono yake ilikuwa ikienda huku na huku, lakini akaifikisha mpaka tumboni kwa wifi, na wifi akaishika hapo kwa mikono yake miwili ili isiondoke.

Sote tulilia, kila mtu na lake.

Halafu Bisi akachukua bakuli kumlisha mama. Akaongea, akasubiri, mdomo ukaja. Kijiko kiligonga meno. Akasema samahani, akajaribu tena, kikagonga tena.

"Leo mama ana haraka," akasema.

Mama alikuwa ametulia kabisa.

Jumatatu, Juni 2

Sikusubiri saa ya chakula. Jirani alikuwa mezani kwake, sikumjali. Nikavaa hedifoni, nikafungua 31.

Kwanza mvua juu ya bati. Kisha: "Hiki kiti kinazunguka mpaka wapi?" Kisha mimi, nikicheka: "Tulia basi." Kisha yeye, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, moja, mbili, tatu, nne, tano.

Nilisikiliza dakika zote kumi. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kuwa naye.

Jirani aliponigusa bega nikaona kwamba nimeshika kingo za meza. Akauliza kuna nini. Nikamwambia kichwa. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema kitu. Alikwenda kuchota maji, akaniwekea, akaufunga mlango wa korido ili watu wasiingie. Nilimwona mmbeya muhula mzima, kumbe mtu.

Jumanne, Juni 3

Sikwenda. Nilisema naumwa.

Mtoto wa Bisi naye nusu kwa nusu.

Alhamisi, Juni 5

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha yasiyokuwa hata yangu.

Nilikwenda kwa Profesa nikamwambia yote: mama, swali la nne, fomu yangu, fomu ya mdogo wangu, faili ghafi. Nilisema nikiwa nimesimama, na aliponionyesha kiti nikashindwa kukikalia kwa sababu kilikuwa kile kinachozunguka.

Hakunikemea. Aliuliza, "Swali la tisa aliweka nini?"

"Hapana."

"Basi ndivyo. Binti yangu, dakika kumi za kugonga chuma si ugonjwa. Anaweza kuwa hakulala. Anaweza kuwa na mawazo."

"Profesa, ungemwita kesho. Ulisema."

Akavua miwani.

"Ndiyo," akasema. "Nilisema."

Alinieleza yatakayofuata, taratibu, kama mtu anayemsomea mtu mwingine barua. 29 na 31 zinafutwa. Mimi maabara yake siwezi kubaki, na kamati ya maadili itanihoji. Yeye atawaambia nilijileta mwenyewe. Bibi Inzi ameshamuuliza mara mbili kama nimechagua, kwa hiyo huenda sijapoteza kila kitu.

"Na mdogo wangu?"

"Mdogo wako alijibu swali. Jibu ni lake. Siku akitaka kujua, kuna kipimo cha damu na kuna watu waliosomea kumkalisha na kumwambia, yeye na mkewe. Mlango unaweza kumwonyesha. Kumsukuma huwezi."

"Nitaishije naye?"

"Hilo," akasema, "hakuna maabara hapa inayolichunguza."

Akarudisha mikono mifukoni. Nikagundua kwa nini anaificha: hataki mtu yeyote anayeingia humu ajilinganishe nayo.

Ijumaa, Juni 13

Kamati. Wazee sita na mtungi wa maji. Karipio la maandishi, na muhula mzima chini ya uangalizi. Bibi Inzi amenichukua. Aliniambia tu, "Ule mrija wa pili utakuwa wako. Utaweza?"

Nikasema nitaweza.

Jumamosi, Juni 14

Jua. Siku ya kwanza kavu. Jirani kamwaga chai. Nimemwombea mema.

Jumapili, Juni 22

Nimemkwepa Bisi wiki tatu. Nilisema mitihani. Leo alituma ujumbe: "Kama nimekukosea niambie, kama sijakukosea njoo." Nikaenda kibandani kwake.

Alikuwa na simu iliyofunguliwa mezani, skrubu zimepangwa kwenye kifuniko cha chupa. Aliniona, akavuta kigoda kwa mguu.

"Nimesikia wamekutoa kwenye vidole. Mlinzi wa lango kaniambia, alileta simu yake."

"Nilidanganya kwenye fomu."

"Yako au yangu?"

"Zote mbili."

"Wamejuaje?"

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilijiandaa na maswali yote isipokuwa hilo. Bisi kazi yake ni kutafuta hitilafu. Anaanza kwenye betri, anafuata njia, hafiki mwisho mpaka aione.

"Niliwaambia mwenyewe," nikasema.

"Fomu tulijaza Aprili na Mei. Umewaambia Juni. Kwa nini Juni?"

Nilitazama skrubu. Niliona kwamba nikisema ilikuwa dhamiri tu, atajua naongopa. Nikisema grafu yangu ilikuwa safi, nimemwambia yake.

Aliweka chini kibano. Kilianguka kwenye kifuniko na skrubu zikatawanyika, wala hakuziangalia.

"Dada," akasema. "Ni wewe?"

Niliinama kuokota skrubu.

"Uliandika ndiyo, lile swali la kuambiwa. Nakujua wewe. Wakakuambia, sivyo? Ndiyo maana umekonda. Ndiyo maana hukanyagi nyumbani."

Alizunguka meza akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya kigoda changu, mteja mmoja akafika na kuondoka bila kuhudumiwa. Alilia kama alivyolia utotoni, mabega yote. Aliniambia nisiogope. Aliniambia yeye yupo, kwamba anajua kumlisha mtu, amejifunza kwa mama, na mimi sitawahi kuwa na kijiko cha mtu baki mdomoni. Mtoto akizaliwa ataitwa kwa jina langu, awe wa kike awe wa kiume, watajua wenyewe. Nilimwambia siku akitaka, yeye na wifi, kuna watu wa kuzungumza nao, mlango ninaujua. Akatikisa kichwa kwa hasira.

"Si mimi wa kuzungumziwa leo. Leo ni wewe."

Alinishika mikono yote miwili akaiweka kwenye mapaja yangu, akanyoosha vidole kimoja kimoja kama anavyokagua kitu alicholetewa. Nilisikia mkono wake wa kushoto ukirukaruka juu ya wangu. Yeye alikuwa akitazama yangu tu.

"Mbona imetulia hivi?" akauliza.

"Leo imetulia," nikamwambia.